Kazi imeisha, watu wa mkopo wanapiga simu, kichwa kimejaa: maswali mnayouliza sana

Dokta, tangu nipunguzwe kazi silali, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, tumbo linawaka. Nimepima malaria, taifodi, UTI, hamna kitu. Naumwa nini?

Hii stori tunaisikia sana dispensari, mtu kashamaliza hela maabara, majibu yote hamna kitu, na wengine wanameza dawa za taifodi hivyo hivyo. Ukikaa na hofu muda mrefu mwili unamwaga homoni, adrenalini na kotisoli, kazi yake ni kukuandaa upigane au ukimbie, kwahiyo moyo unapiga haraka, misuli ya shingo na mabega inakaza na hapo kichwa lazima kiume, tumbo nalo linavurugika. Mbwa akikukimbiza yanaisha dakika chache, sasa kodi ya nyumba inakukimbiza miezi. Husingizii, maumivu ni ya kweli. Ila presha na sukari pima, na moyo kwenda mbio kunaweza kutokana na upungufu wa damu au tezi ya shingo, usiseme "ni mawazo tu" kabla hujaangaliwa.

Nitajuaje kama ni mawazo ya kawaida au imeshakuwa sonona?

Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, depression. Kupoteza kazi ukalia, ukakosa raha, huo sio ugonjwa. Sisi tunaangalia muda: wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, una huzuni au huna hamu na vitu ulivyokuwa unavipenda (hata Simba na Yanga wakicheza huna habari), halafu usingizi umeharibika, chakula hakipiti, mwili hauna nguvu, unajiona huna faida kwa mtu, meseji ndefu huwezi kuimaliza kuisoma. Na mambo yako yameanza kukwama, huogi, hutoki. Kwa wanaume wengi haiji na machozi, inakuja na hasira na pombe, ndo maana inapita bila kujulikana, mtaani wanasema tu "siku hizi kawa mkorofi".

Sijamwambia mke wangu. Asubuhi napiga pasi shati natoka kama naenda job, nakaa stendi mpaka jioni. Nikimwambia si ndo nitampandisha presha?

Kaka, mnaofanya hivi mko wengi. Ila hebu angalia mzigo unaobeba, kila siku unatunga nauli, unatunga bosi, unatunga "mshahara umechelewa", hiyo peke yake inachosha kuliko kazi yenyewe. Na mara nyingi yeye kashahisi, simu za ofisini haziiti tena, hotipoti inarudi na chakula chake. Watoto wakilala mwambie kwa maneno machache: "Mama watoto, kazi iliisha, nilishindwa kukwambia, naomba tukae tupange." Atakasirika, tena kwa kudanganywa zaidi kuliko kwa kazi, mwache akasirike, mipango mtafanya kesho yake. Kama kweli kwa mke haiwezekani kwa sasa basi anza na kaka yako au mshenga wako, mtu anayetunza neno. Mimi kwa maoni yangu hii ndo dawa ya kwanza, hizo nyingine zinafuata.

Watu wa mkopo wa kwenye simu wanapiga usiku na mchana, wamewatumia hadi wakwe zangu meseji. Nifanyeje nisichanganyikiwe?

Kwanza hiyo programu ina leseni? Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, iangalie. Meseji za kukudhalilisha piga skrinshoti, tunza, karipoti. Simu zao zipangie saa moja tu ya kuzipokea, mfano saa nne asubuhi, muda mwingine weka sailensi, huna jibu jipya la kuwapa saa sita usiku.

Halafu chukua daftari uandike madeni yote, nani, shilingi ngapi, lini, hata kama mkono unatetemeka. Chagua moja la kuanza nalo, na usikope kausha damu (ile mikopo ya riba kali) kulipa kausha damu. Hii ya kuchagua tatizo moja sio maneno ya kufarijiana, Zimbabwe tangu 2006 kuna mpango unaitwa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda, akina bibi waliofundishwa wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, anamwaga yote, wanachagua moja wanalitafutia hatua ndogo. Ukapimwa kitafiti, majibu yakatoka 2016, baada ya miezi 6 waliokaa na hao bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Bia mbili tatu zinanisaidia kulala, kuna ubaya?

Zinakulaza, halafu saa tisa usiku unaamka macho kodo na mawazo yote yako palepale. Na asubuhi huzuni inazidi. Bora kahawa uache kuanzia mchana, uamke saa ileile kila siku hata kama huna pa kwenda, utembee kidogo juani.

Mama anasema nimelogwa, anataka nikaombewe.

Nenda ukaombewe, na kliniki nenda. Mtu akikwambia uache dawa au anataka kukufunga kamba, hapo ondoka.

Rafiki yangu kaandika "bora nisiwepo". Nikimuuliza si ndo nitampa wazo?

Hapana, humpandikizii. Muulize wazi, "unafikiria kujiua?" halafu nyamaza umsikilize, usianze mahubiri. Akisema ndio usimwache peke yake, sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge viondoke mle ndani, na mpeleke hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo. Tanzania namba ya Wizara ya Afya ni 199, Kenya Msalaba Mwekundu wana 1199, zote bure.

Nikianzishiwa dawa za sonona sitazizoea maisha yangu yote?

Dawa kama fluoxetine hazileti uteja, ila zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi na wengi wanaziacha wiki ya kwanza wakisema hazisaidii. Za kuogopa ni diazepam, vidonge vya kutuliza na kulalia, mnazonunua duka la dawa bila cheti, hizo ndo zinashika mtu. Na hizo za sonona ukipata nafuu usiache ghafla, rudi kliniki wakupunguzie taratibu.