Fisi maji wa kale na siri za magego yake

Dhana: Fisi maji ni fisi anayeishi majini.

Ukweli: Wanachochangia ni jina tu. Fisi maji ni wa ukoo mmoja na nyegere na kicheche.

Dhana: Fisi maji wa kale naye alikuwa mvuvi wa mtoni, ila mkubwa zaidi.

Ukweli: Hata wataalamu walidhani hivyo kwa muda mrefu, na si ajabu. Magego ya Enhydriodon, kundi la fisi maji wakubwa wa kale, ni mapana, yana vinundu butu, na ukiyatazama unamwona mnyama anayepasua kome na kaa. Mwaka 2022 jopo lililoongozwa na Camille Grohé likaeleza spishi mpya, Enhydriodon omoensis, kutoka bonde la Omo, Ethiopia, mto unaomwaga maji yake Ziwa Turkana. Aliishi kati ya miaka milioni 3.5 na 2.5 iliyopita, zama za Australopithecus, jamaa wa kale wa binadamu, na anakadiriwa kuzidi kilo 200. Simba mzima, basi!

Watafiti hawakuishia kwenye umbo la jino, walipima kemia yake. Gamba gumu la nje hujengwa kwa kile mnyama anachokula na kunywa wakati jino linaota, kisha halibadiliki tena. Aishiye majini kama kiboko huacha humo alama yake ya oksijeni. Ya huyu wa Omo haikufanana nayo. Ilikaribiana na ya fisi na paka wakubwa wa nchi kavu. Kwake yeye, neno "fisi" lingemfaa kuliko "maji".

Dhana: Meno yakifanana, wenye meno ni ndugu wa karibu.

Ukweli: Hapa ndipo wengi hukwama. Mwaka 2017 kulitangazwa Siamogale melilutra, fisi maji mwingine wa kale, kutoka Yunnan, China, wa miaka milioni 6 hivi iliyopita, mwenye kilo 50 hivi. Naye ana magego ya vinundu, kama fisi maji wa baharini anayeishi leo Pasifiki ya Kaskazini. Waliochunguza nasaba waliona kwamba magego ya namna hiyo yalizuka angalau mara tatu, kila mara kivyake, ndani ya ukoo wa fisi maji. Kwa hiyo gego moja lililookotwa halitoshi kumpa mnyama ukoo. Linalinganishwa na fuvu, taya na meno mengine kwanza.