Tatoo, hereni na Walawi 19:28

Wengi wamelelewa wakiamini kwamba Biblia imekataza waziwazi tatoo na kutoboa mwili, na aya inayotajwa daima ni Walawi 19:28. Isome polepole. Inakataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini. Kutoboa haikutaja kabisa.

Tena, kutoboa kunatajwa kwingine bila karipio. Mwanzo 24 inaeleza mtumishi wa Abrahamu akimpa Rebeka pete ya dhahabu yenye uzito wa nusu shekeli. Aya ya 47 inasema alimtia puani. Katika Ezekieli 16:12, Mungu mwenyewe ndiye anayeivika Yerusalemu, kwa mfano, hazama, yaani pete ya puani, na hereni.

Kwa tatoo, katazo lipo, hilo tusilifiche. Swali ni kama linamfunga Mkristo. Katika Walawi 19 hiyohiyo, aya ya 27 inakataza kunyoa pembe za ndevu, na ya 19 inakataza vazi la nyuzi za aina mbili. Wanaonukuu ya 28 mara nyingi huziruka hizo. Barua ya mitume kwa waamini wa mataifa, Matendo 15:29, ina makatazo manne, na tatoo haimo.

1 Wakorintho 6:19, “mwili ni hekalu”, nayo hutumiwa kupinga tatoo, lakini inafuata onyo la uasherati, si la wino.

Wakristo wa Kikopti, yaani wa kanisa la kale la Misri, huchora msalaba kwenye kifundo cha mkono wa kulia, hata watoto wadogo. Makanisa mengine hukataza kwa hoja ya kiasi, wakitumia 1 Timotheo 2:9. Ni hoja halali, ila aya hiyo inagusa pia kusuka nywele na mavazi ya thamani.