Je, wajua: msoma mita aliyetwaa tuzo kuu ya fasihi India alijifunzia wapi kuandika?

Katikati ya miaka ya 1930, mjini Ahmedabad, kulikuwa na kijana wa kampuni ya umeme aliyepita nyumba hadi nyumba akisoma mita. Shule aliiacha njiani kwa umaskini, sekondari hakuimaliza. Kabla ya hapo aliwahi kuwa meneja wa mtengenezaji pombe huko Dungarpur. Jina lake Pannalal Patel. Mwaka 1985 huyo huyo alitunukiwa Jnanpith, tuzo ambayo waandishi wa lugha zote kuu za India huiona ndiyo kilele.

Wanaosimulia maisha yake hupenda kuishia hapo, kana kwamba ni muujiza. Mimi muujiza siuoni. Ukiangalia alikotoka, utaona mtu huyu alisoma sana, ila si darasani.

Alizaliwa tarehe 7 Mei 1912 katika kijiji cha Mandli, mpakani mwa majimbo ya Rajasthan na Gujarat, katika ukoo wa wakulima. Baba yake, Nanashah, alijulikana kijijini kwa kuwasomea na kuwasimulia watu Ramayana, Mahabharata na visa vingine vya kale. Jioni watu walikuja, wakakaa, wakasikiliza. Mtoto anayekulia nyumba ya namna hiyo hujua mapema msimulizi anyamaze wapi, na ni mahali gani msikilizaji husogea mbele. Hayo hayafundishwi kwa chaki.

Baadaye alipelekwa shule Idar, akaishi bweni moja na mvulana mwingine wa vijijini, Umashankar Joshi. Wakapendana. Pannalal akaacha masomo, Umashankar akaendelea, na kufikia 1931 alikuwa ameshatoa kitabu cha ushairi kilichomtambulisha. Mwaka 1936 wakakutana tena kwa bahati. Mshairi ndiye aliyemsukuma msoma mita aandike, na hadithi yake fupi ya kwanza ikaandikwa mwaka huo huo. (Shule ya Idar ina la kujivunia: Joshi naye alipata Jnanpith, mwaka 1967. Katika Wagujarati wanne waliokwisha kuipata, wawili walikuwa marafiki wa bweni moja.)

Lakini kwa nini wasomi wa Ahmedabad na Mumbai walishtuka waliposoma maandishi yake? Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Kizazi kilichotangulia kiliandika Kigujarati kizito, kilichojaa Kisanskriti, lugha ya kale ya wasomi wa India. Kisha Gandhi, naye Mgujarati, akawauliza waandishi: mkulima anayeteka maji kisimani kwa ng'ombe atawaelewa? Wengi wakajitahidi kuishusha lugha yao imfikie. Patel hakuwa na pa kushuka. Wahusika wake husema kama wanavyosema watu wa mpakani kule, kwa matusi yao, mizaha yao na nyimbo zao za harusi, na msimulizi hawaombei radhi.

Riwaya iliyompa jina ni Malela Jiv ya mwaka 1941. Kanji, kijana wa Kipatel, tabaka la wakulima, anakutana na Jivi kwenye bembea kubwa la kuzunguka, siku ya gulio la sikukuu. Jivi ni wa tabaka la vinyozi, kwa hiyo ndoa haiwezekani. Kanji anabuni njia ambayo kila msomaji anaiona ni balaa: anamwozesha Jivi kwa kinyozi wa kijijini kwake, apate walau kumwona kila siku. Mume ni katili. Mwishowe Jivi anatia sumu katika mkate ili ajiue yeye, anayeula ni mumewe, na akili ya Jivi inaruka. Kwa kusimuliwa hivi inasikika kama mchezo wa kuigiza wa redioni. Ukiisoma, unamkasirikia Kanji ukurasa baada ya ukurasa, na bado humwachi.

Nadhani hiyo ndiyo sababu watu wa sinema walimwandama. Hadithi zake zimejengwa kwa mambo yanayoonekana, kama bembea, mkate ule, au ngozi ya ng'ombe aliyekufa kwa ukame. Yeye mwenyewe aliwahi kufanya kazi Mumbai katika kampuni ya filamu, akiwaandikia hadithi, kabla ya kurudi kijijini alikoishi hadi 1958. Malela Jiv ikawa filamu ya Kigujarati mwaka 1956, na miaka 40 baadaye, 1996, ikazaliwa upya kusini mwa India kwa Kikannada. Hadithi yake fupi ya Kanku, juu ya mjane na mkopeshaji wa kijijini, iliingia kwenye sinema mwaka 1969 chini ya mwongozaji Kantilal Rathod. Mwigizaji wake mkuu, Pallavi Mehta, akatuzwa kwenye tamasha la filamu la Chicago. Patel alikipenda kisa hicho kiasi kwamba, baada ya filamu, alikirefusha kikawa riwaya.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni Manvini Bhavai, ya 1947. Inahusu njaa ya mwaka 1899 hadi 1900, ambayo Wagujarati huiita Chhappaniyo, yaani “ya hamsini na sita”, kwa sababu iliangukia mwaka 1956 wa kalenda yao. Kwetu pia njaa hupewa majina: Wakamba waliiita Ngomanisye ile iliyowapiga mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1890. Patel hakuiona Chhappaniyo kwa macho, alizaliwa miaka 12 baadaye. Aliipata midomoni mwa wazee walionusurika.

Kalu na Raju wamechumbiwa tangu utotoni, ila fitina za ukoo zinavunja uchumba, na kila mmoja anafungishwa ndoa na mtu mwingine. Kisha mvua inakoma. Tajiri anapogawa nafaka, Kalu, mkulima aliyelisha watu maisha yake yote, hawezi kunyoosha mkono. Kwake kuomba kunazidi njaa kwa ubaya. Mwishoni amelala chini ya mti, roho imefika kooni, maji hakuna, na Raju anampa titi lake anyonye kama mtoto. Usiku huo mvua inanyesha. Mwandishi mwingine angeliogopa tukio hilo, au angelieleza kwa kurasa tatu. Yeye analipita upesi, kama mtu anayesimulia mbele ya watu wanaojua njaa ni nini.

Miaka ya mwisho alianzisha na wanawe nyumba ya uchapishaji, akarudia visa vya kale alivyovisikia kwa baba yake na kuvigeuza riwaya. Umashankar Joshi alifariki Desemba 1988. Patel akamfuata tarehe 6 Aprili 1989, mjini Ahmedabad. Filamu ya Manvini Bhavai ilitoka 1993, Upendra Trivedi akiiongoza na kuigiza ndani yake, ikapata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kigujarati. Hiyo Patel hakuiona.