Rahisi Huvunja Upishi? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Simu za Bei Nafuu Zinazodumu

Katika maduka ya simu ya Makoroboi na mitaa ya jirani, katikati ya jiji la Mwanza, mazungumzo ya kununua simu hufuata njia ileile. Mnunuzi hutaja kiasi alicho nacho, muuzaji hupanga maboksi matatu au manne juu ya kaunta, kisha husoma kwa sauti namba zilizochapishwa ubavuni: megapikseli za kamera, ukubwa wa betri, RAM (kumbukumbu ya muda ambayo simu huitumia inapoendesha programu). Namba hizo mara nyingi ni za kweli, lakini hazimjibu mtu ambaye fedha yake ni ya msimu wa dagaa au wa pamba na ambaye hatarajii kununua simu nyingine kabla ya miaka minne au mitano kupita. Mambo matatu yanayoamua umri wa simu hayasomwi pale kaunta: mtengenezaji ataendelea kutuma masasisho hadi lini, hifadhi ya ndani ina nafasi kiasi gani, na kioo na betri ya simu hiyo vinapatikana kwa mafundi wa mjini hapa au havipatikani. Dhana nyingi zilizo hapa chini zimezaliwa na kulitazama boksi na kuyasahau hayo matatu.

"Simu mpya huanza kuhesabiwa umri siku ninapoinunua"

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha bila kujua. Simu ya Android hupokea masasisho, au apdeti kama tunavyoyaita kila siku, ya aina mbili: matoleo mapya ya Android yenyewe, na masasisho ya usalama yanayoziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni wanaweza kuyapitia. Kila mtengenezaji huweka kikomo cha huduma hiyo, na muda wake huhesabiwa tangu modeli ilipotoka kiwandani kwa mara ya kwanza, si tangu tarehe iliyoandikwa kwenye risiti yako.

Mfano mzuri ni simu mbili za Samsung ambazo ukiziweka pamoja mezani utazidhani pacha. Galaxy A15 ilitoka Desemba 2023 ikiwa na ahadi ya matoleo 4 ya Android na miaka 5 ya masasisho ya usalama. Galaxy A16, iliyoifuata mwishoni mwa 2024, iliahidiwa matoleo 6 na miaka 6. Tofauti ya bei kati yao inaweza kuwa ndogo sana dukani, lakini mmoja wa wanunuzi atahudumiwa hadi 2028 na mwingine hadi 2030. Wakati huohuo, simu nyingi za daraja hilohilo la bei kutoka kwa watengenezaji wengine huahidiwa toleo moja au mawili tu, na baadhi haziahidiwi chochote. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kipimo cha kwanza, na kamera ingeweza kusubiri mwisho wa foleni.

Jinsi ya kukagua si siri. Mwombe muuzaji aiwashe simu, fungua Mipangilio, shuka hadi mwisho kwenye sehemu inayoieleza simu, kisha tazama mistari miwili: toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Tarehe iliyopitwa na mwaka mzima haimaanishi moja kwa moja kwamba simu imetelekezwa, kwa kuwa huenda ilikuwa imelala ndani ya boksi muda wote huo. Iunganishe na intaneti, bonyeza sehemu ya kutafuta masasisho, na usubiri. Ikijibu kwamba haina jipya la kupakua ilhali tarehe ni ya mwaka juzi, basi unanunua simu ambayo mtengenezaji wake amekwisha kuisahau.

Ni kweli pia kwamba masasisho yakikoma simu haizimiki. Itapiga, itapokea, na menyu ya M-Pesa ya *150*00# itafanya kazi kama inavyofanya kwenye kitochi. Kinachotokea ni kufungiwa milango mmoja baada ya mwingine: programu za benki huanza kukataa, kisha nyingine hufuata. WhatsApp, ambayo ni miongoni mwa zenye uvumilivu mrefu, iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 tangu Januari 1, 2025, na toleo hilo lilikuwa la 2013.

"RAM ya 4+4 ni sawa na RAM ya 8"

Si sawa. Ile nne ya pili hukatwa kutoka kwenye hifadhi ya ndani na kuazimwa kwa kazi ya RAM, na hifadhi ya ndani ya simu za bei nafuu ina kasi ndogo kuliko RAM halisi kwa kiasi kikubwa. Msaada upo, lakini ni wa kuazima, na unapunguza nafasi ya picha zako.

Nafasi hiyo yenyewe ndiyo ya kuhofia. Kwenye simu ya GB 64, mfumo na programu zilizokuja nayo huchukua sehemu kubwa kabla hujapiga picha hata moja; zikiongezwa video za kwaya, za harusi na za makundi ya ukoo, simu hujaa kabla ya mwaka wa pili kwisha. Simu iliyojaa huwa nzito, hushindwa kupokea masasisho kwa kukosa pa kuyaweka, na mwenyewe huiona imezeeka ilhali imeshiba tu. Memori kadi husaidia kutunza picha na muziki, lakini haiwezi kuubeba mfumo wa simu. Anayetaka miaka mitano aanzie GB 128, hata ikibidi kuacha kamera ya tatu ambayo, tuseme ukweli, ipo pale kwa ajili ya urembo.

"Simu mpya ichajiwe kwa saa nane kwanza, na betri imalizwe kabisa kabla ya kuchajiwa tena"

Ushauri huu ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli, ambazo zilihitaji kuzoeshwa na kumalizwa ili zisipoteze uwezo. Betri ya simu ya leo ni ya lithiamu, na kwake ushauri huo ni kinyume cha dawa: kuiacha ifike sifuri mara kwa mara huichosha, na saa nane za mwanzo haziongezi chochote, maana simu ikijaa hukata chaji yenyewe. Kuchaji usiku kucha nako hakuiui betri kwa sababu ya wingi wa saa. Kinachoiua ni joto, hasa simu inapochajiwa chini ya mto au ndani ya kava nene.

Joto ni jambo la kulichukulia kwa uzito huku kwetu. Simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya daladala saa saba mchana, au iliyokaa kwenye ubao wa mtumbwi jua likiwaka wakati wavu unavutwa, huzeeka haraka kuliko ile iliyokaa mfukoni. Ukikaa kwenye benchi la fundi yeyote kwa nusu siku utaziona simu za namna hiyo: mfuniko wa nyuma umeinuka upande mmoja kama chapati iliyovimba, kioo kimesukumwa hadi mwanga unapenya pembeni, na fundi anaichokonoa betri taratibu kwa kipande cha plastiki, akijihadhari asiitoboe, kwa sababu betri ya lithiamu iliyotobolewa inaweza kushika moto.

Namba ya mAh, yaani kipimo cha ukubwa wa betri, ambayo wengi huiangalia kwa ajili ya kumaliza siku tu, ina faida nyingine isiyosemwa. Betri huchakaa kwa mizunguko ya chaji, yaani kila inapotumika jumla ya asilimia 100, iwe kwa mara moja au kwa vipande. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Juni 20, 2025 zinataka betri ya simu inayouzwa huko ibakiwe na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Anayemaliza mzunguko mmoja kila siku hufika 800 baada ya miaka miwili na ushee. Mwenye betri kubwa na matumizi ya kiasi, anayemaliza mzunguko mmoja kwa siku mbili, atafika huko baada ya miaka minne na zaidi. Kwa hiyo mAh 5000 kwa mtu wa visiwa vya Ukara au Ukerewe anayechajia kwenye sola si anasa, ni akiba ya umri wa betri. Hata hivyo betri ni kama tairi, itachakaa siku moja, na kubadilishwa kwake kusihesabiwe kuwa kifo cha simu.

Kuhusu kuzifunga programu zote kila baada ya dakika chache ili kulinda betri, ni kazi bure; kuzifungua upya kunakula chaji kuliko kuziacha zimelala.

"Simu hii ni wotapruufu"

Neno hili lina wateja wengi kando ya ziwa, na kwa haki kabisa: mtu anayeshinda soko la samaki la Mwaloni akipakua samaki, au anayevuka kila wiki kwa boti, anaogopa maji kuliko wezi. Lakini hakuna simu isiyopitisha maji milele. Kuna viwango vinavyopimwa na kuandikwa kwa herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili, ya kwanza ikihusu vumbi na ya pili maji. IP54, ambayo siku hizi huonekana kwenye baadhi ya simu za bei nafuu, inamaanisha kinga dhidi ya matone yanayorushwa, kama vile manyunyu ya mvua. IP67 inamaanisha simu ilizamishwa mita 1 kwa dakika 30 na ikapona. Majaribio hayo hufanywa kwa simu mpya, kwenye maji safi yaliyotulia, na si kwenye maji ya sabuni wala kwenye mawimbi. Gundi na mipira inayoziba simu huchakaa, na simu ikishafunguliwa na fundi mara moja, kinga ile isihesabiwe tena. Isitoshe, waranti nyingi hazilipi uharibifu wa maji, hata kwa simu iliyouzwa kwa sifa hiyohiyo. Mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kama wanavyofanya wavuvi, bado ni kinga ya bei nafuu isiyo na mpinzani.

Na ikizama? Mchele hauivuti simu maji kwa namna inayotosha; badala yake vumbi na wanga wake huingia kwenye tundu la chaji. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwashauri wateja wake waziwazi waache njia hiyo. Zima simu, usiichaji, toa laini, ifute, iache mahali penye hewa, na kama maji yaliingia sana ipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha bodi kabla ya kutu kuanza. Mchele uende jikoni.

"Simu kubwa ya mtumba ni bora kuliko ndogo mpya"

Wakati mwingine ndiyo. Simu ya daraja la juu iliyotumika huwa na prosesa yenye nguvu na hifadhi yenye kasi, na haichoki upesi. Kasoro ni kwamba saa yake ya masasisho imekwisha kwenda mbali, na betri yake ina historia usiyoijua. iPhone X, kwa mfano, bado inapendeza mkononi, lakini iliishia iOS 16 (iOS ni mfumo wa simu za iPhone) na haikupata toleo la 2023. iOS 26 ya 2025 inaanzia iPhone 11. Anayeuziwa ya zamani kuliko hiyo kwa sifa ya jina ananunua jina. Kwenye iPhone unaweza kusoma afya ya betri ndani ya mipangilio ya betri, na ikiwa chini ya asilimia 80, bei ya betri mpya iondolewe kwenye bei unayotajiwa.

Iwe mpya au ya mtumba, bonyeza *#06# kabla ya kulipa. Namba ya IMEI yenye tarakimu 15 itakayotokea ilingane na ile ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 ili upate majibu kuhusu uhalisi wa simu hiyo. Waliokuwa na simu bandia Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini Tanzania, ilipozifungia, wanaikumbuka asubuhi ile.

"Simu ambayo haipo kwa wengine ndiyo imara"

Mtu hujivunia modeli ngeni iliyoletwa kutoka nje ambayo hakuna jirani anayo. Ikianguka kwenye mawe ya Mwanza, ambayo hayakosekani popote, atazunguka mji mzima akitafuta kioo chake. Simu iliyoenea ina kava zake, protekta zake, betri zake na, zaidi ya yote, mafundi walioifungua mara hamsini. Aina ya kioo nayo ina neno: AMOLED hupendeza na huonekana vizuri juani, lakini kioo chake kikipasuka gharama yake kwenye simu ya bei nafuu inaweza kukukatisha tamaa ya kutengeneza, ilhali kioo cha LCD kwa kawaida huwa na bei ya chini. Mfuniko wa nyuma wa plastiki, ambao wauzaji huutaja kwa sauti ya kuomba radhi, hauvunjiki kama wa kioo.

Kabla ya kutoa fedha, mwambie muuzaji akuwekee boksi pembeni kwa dakika tano, vuka barabara, na umuulize fundi bei ya kioo na ya betri ya modeli hiyo. Akikujibu papo hapo bila kumpigia mtu mwingine, vipuri vipo. Akianza kuuliza, "Umesema modeli gani?", rudi ukaombe boksi la pili.