Pa kulala Hoi An: yanayosemwa sana na hali yenyewe ilivyo

Kila anayepanga Vietnam sa hivi anaulizia Hoi An, na ana haki maana mji ni mzuri kwelikweli, bandari ya zamani kwenye mto Thu Bon ambako wafanyabiashara Wachina na Wajapani walijenga nyumba zao wakaishi humo, UNESCO ikauingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1999. Ila kwenye kuchagua pa kulala ndo watu wanapopotezwa. Wanasoma ushauri wa mistari miwili wanabuku, na sisi wa Afrika Mashariki tunaharakishwa zaidi kwa sababu fomu ya viza ya mtandaoni inauliza utafikia wapi, mtu anaona bora aweke hoteli yoyote alipie kabisa yaishe.

"Usipolala ndani ya mji wa kale hujafika Hoi An"

Sio kweli kabisa. Mji wa kale wenyewe ni mdogo, toka Daraja la Kijapani hadi sokoni unatembea taratibu, robo saa umefika. Nyumba za mule nyingi ni makazi ya watu, maduka na mafundi cherehani, vyumba vya wageni ni vichache. Afu kuna saa za waenda kwa miguu, asubuhi na tena kuanzia mchana hadi usiku, magari na pikipiki hayaruhusiwi kwenye ile mitaa, kwahiyo ukifika na teksi jioni dereva anakushusha pembeni na begi unaliburuta mwenyewe katikati ya umati. Ukikaa vitongoji vya jirani kama Cam Pho au Cam Chau teksi inafika mlangoni, usiku unalala kwa utulivu, na kwa baiskeli ni dakika chache tu upo kwenye zile taa za hariri zinazoning'inizwa mitaani.

"Chumba kinachotazama mto ndo bora, lipa hata kama ni ghali"

Hili ndo linaniuma zaidi kwa sababu linaweza kukuharibia safari nzima. Kati ya Februari na Agosti sawa, chukua chumba cha mtoni ukipenda. Lakini Oktoba na Novemba mvua ya pale ni nyingine, maji yanashuka kutoka milimani, Thu Bon inajaa, na mtaa wa Bach Dang ulioko kando ya mto ndo wa kwanza kuzama halafu maji yanapanda kwenda mtaa unaofuata wa Nguyen Thai Hoc na kuendelea. Ukitaka kuamini ingia nyumba ya kale ya Tan Ky, ukutani wameweka alama za maji na mwaka wa kila furiko, ile ya 1964 ni mojawapo ya zilizo juu kabisa. Na nyumba ya Phung Hung pale karibu na Daraja la Kijapani ina mlango kwenye sakafu ya juu, mafuriko yakija bidhaa zinavutwa kwenda ghorofani kupitia hapo. Yani waliojenga walijua mto utaingia ndani, wakajenga hivo makusudi. Na haya mambo hayajaisha, mwisho wa Oktoba 2025 mji ulizama wageni wakatolewa mahotelini kwa maboti.

Kwahiyo ukienda miezi hiyo usiulize mandhari, uliza mtaa wenyewe unajaa maji au haujai, omba chumba cha ghorofani, na uhakikishe unaweza kughairi bila kukatwa hela. Wenyeji watakujibu vizuri tu, wamezoea kuulizwa.

"Jina lina Hoi An, basi iko Hoi An"

Angalia ramani, tafadhali. Kati ya jiji la Da Nang na Hoi An kuna kama kilomita 30, pwani imejaa hoteli na nyingi zinatumia jina la Hoi An hata kama mji wa kale hauendeki kwa miguu. Anuani nazo sa hivi hazisaidii sana, kuanzia Julai 2025 mkoa wa Quang Nam uliokuwa na Hoi An umeunganishwa na Da Nang, hivyo hoteli iliyoko katikati kabisa ya Hoi An unaweza kukuta imeandikwa Da Nang. Pima umbali hadi Daraja la Kijapani basi. Wanaotaka bichi waangalie An Bang, ni mwendo wa baiskeli njia tambarare ikipita mashamba ya mpunga na bustani za mboga za Tra Que. Bichi ya Cua Dai ililiwa sana na bahari miaka ya 2010, kwahiyo omba picha za karibuni za ufukwe kabla hujalipa.

"Homestei ni kulala sebuleni kwa watu"

Hapana, Hoi An homestei nyingi ni gesti ndogo ya familia, chumba chako, bafu lako, wenyewe wanaishi chini, chai ya asubuhi na baiskeli mara nyingi vimo kwenye bei. Wakikuomba pasipoti usishtuke, kila nyumba ya wageni Vietnam inatakiwa kuandikisha wageni wake polisi.

"Lala Da Nang, Hoi An nenda jioni tu urudi"

Uwanja wa ndege na stesheni ya treni viko Da Nang kweli, Hoi An hakuna, ndo maana ushauri huu unasikika wa maana. Lakini ukifika jioni unafika pamoja na kila mtu. Mi naona saa 12 asubuhi ndo Hoi An yenyewe, maduka bado yamefungwa, kina mama wanashusha samaki na mboga sokoni, kuta za njano hazina mtu mbele yake, na hiyo huipati ukilala Da Nang. Angalau usiku mmoja lala pale. Usiku wa tarehe 14 ya kila mwezi wa kalenda yao ya mwandamo mji unapunguza umeme na kuwasha zile taa za hariri, vyumba vinaisha mapema, na kipindi cha Tet, mwaka mpya wao, bei zinapanda kila mahali, hizo mbili usizifanye za dakika ya mwisho.