Usikimbilie bodi: beji na nishani zinazokosekana kwenye DD 214

Simu za Jumamosi asubuhi huanza vilevile. "Kaka, nimesikia unasaidia watu na mambo ya bodi. Inachukua muda gani?" Bodi anayoitaja ni ile ya jeshi la Marekani inayosahihisha rekodi za askari. Nami huuliza kwanza: amri yako, ile karatasi rasmi iliyokupa beji au nishani, iko wapi? Mtu hunyamaza kidogo, kisha hunianzia hadithi. Bonde fulani kule Afghanistan, lori lililorushwa na bomu, sajenti aliyeapa kwamba atawaandikia wote. Huwa naiamini. Lakini nilichouliza ni karatasi.

Nilizaliwa Kenya, nikajiunga na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani nikiwa bado na kadi ya kijani (kibali cha ukaaji, si uraia), na miaka yangu minane niliimaliza nyuma ya dawati, karani wa utumishi. Kwa hiyo hizo DD 214 mnazozilalamikia, nyingine nilizijaza mimi.

Kwa ambaye hajawahi kuvaa sare ile: DD 214 ni hati anayopewa kila anayetoka jeshini. Inasema alitumikia lini, alifanya kazi gani, aliachishwa kwa sifa ipi. Kisanduku cha 13 ndicho cha nishani, beji na tepe. Benki itaitaka hati hiyo ukiomba mkopo wa nyumba wa veterani, hospitali ya maveterani itaitaka ukienda kutibiwa, na siku ya mazishi yako familia itatakiwa kuionyesha ili waje askari wa kukunja bendera.

Karani anayekijaza kisanduku hicho hakuwa nawe vitani. Anafungua faili lako la kompyuta, anaorodhesha kilichomo, anachapa rasimu na kukupa uisome. Niliwahi kumtoa mtu bila beji yake kwa kuwa amri haikuwa imeingizwa kwenye faili. Alisaini rasimu amesimama wima, funguo za gari mkononi, mkewe nje na injini inanguruma. Baada ya miaka sita akanitafuta Facebook. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma.

Jambo ninalorudia kwa kila anayepiga simu ni hili: nishani nyingi zinazokosekana hazihitaji bodi hata kidogo. Kama ulishapewa na amri ipo, hilo ni kosa la ukarani. Unaandika barua ya ukurasa mmoja, unaambatisha nakala ya DD 214 na nakala ya amri, unaituma kwa ofisi ya utumishi ya jeshi lako. Kwa Jeshi la Nchi Kavu iko Fort Knox, Kentucky. Wakiridhika wanatoa DD 215, karatasi ya masahihisho. Haiiondoi DD 214 bali inakaa nayo, kwa hiyo usije ukaitupa ile ya kwanza. Nimeona watu wakiitupa.

Zipo pia nishani ambazo hakuna aliyehitaji kukupendekeza. Ulikuwa mahali fulani tarehe fulani, basi ni zako. Hizo ndizo husahaulika kuliko zote.

Kanisani kwetu kuna mzee mmoja, Mmarekani, aliyekwenda Vietnam katikati ya Machi 1968 na kurudi katikati ya Machi 1969. DD 214 yake ni ya mtindo wa zamani, nishani ziko kisanduku cha 24, na zimeandikwa tatu tu, zile ambazo karibu kila aliyefika kule alipata. Mzee alikuwa askari wa miguu kwenye batalioni ya askari wa miguu. Beji yake ya mapigano iko wapi, ile ya buluu yenye bunduki ya kale katikati, ambayo watu wote huiita CIB? Haikuandikwa. Mwenyewe alishakata tamaa tangu enzi za Rais Nixon.

Tuliagiza faili lake zima kutoka kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi, St. Louis, Missouri. Sisitizeni neno "zima" mnapojaza fomu, maana ukiomba nishani tu watakuletea majibu ya nishani tu. Tulichokuwa tunakitafuta ni fomu inayoitwa DA 20, kadi iliyomfuata askari kila alikohamishwa, kila karani akiongeza mstari wake kwa mashine ya chapa au kwa kalamu. Kisanduku cha 40 ni cha majeraha. Cha 41 ni cha tuzo. Kwenye cha 41 cha mzee, kwa herufi zilizokaa upande, kulikuwa na CIB, namba ya amri na mwaka. Karani mmoja huko Vietnam alifanya kazi yake. Karani mwingine, siku ya kumtoa mzee jeshini, aliuruka mstari huo. Mzee aliweka kidole juu ya ile namba na hakukiondoa kwa muda.

Tukaendelea. Nishani ya Utumishi wa Vietnam huvaliwa na nyota ndogo ya shaba kwa kila kampeni uliyoshiriki, na Jeshi la Nchi Kavu linazitambua kampeni 17, kila moja na tarehe zake. Ni hesabu ya darasa la tatu. Machi 1968 ilikuwa ndani ya kampeni ya Tet, iliyoisha 1 Aprili. Ikafuata ya Awamu ya Nne hadi mwisho wa Juni, ya Tano hadi 1 Novemba, ya Sita hadi 22 Februari 1969, na tarehe 23 ikaanza Tet ya 1969. Jumla tano. Nyota tano za shaba hubadilishwa kwa moja ya fedha. Mwanawe alipoona "nyota moja ya fedha" kwenye majibu akawapigia simu ndugu wote kwamba baba amepewa Silver Star, nishani ya tatu kwa ukubwa nchini kwa ushujaa vitani. Ilibidi nimweleze polepole kwamba hii ni nyota ya kubandika kwenye utepe, ndogo kuliko punje ya hindi.

Tena ipo sifa ya kikosi, ile ya serikali ya Vietnam Kusini yenye tawi la mtende. Amri Kuu Namba 8 ya mwaka 1974 iliwapa vikosi vyote vya Jeshi la Nchi Kavu vilivyotumikia Vietnam. Mzee alitoka jeshini 1969. Hata karani malaika asingeweza kuiandika kwenye hati yake. Ukiwa na veterani wa Vietnam nyumbani au jirani, anzia hapo.

Mtu atauliza: je, na ule moto? Ni kweli, tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu karibu na St. Louis liliungua na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakapotea, bila nakala nyingine popote. Lakini moto ule uliwakumba hasa wa Jeshi la Nchi Kavu waliotoka kati ya 1912 na 1960, na wa Jeshi la Anga waliotoka kati ya 1947 na 1964, tena hao wa Anga ni wale ambao majina yao kialfabeti yanafuata Hubbard. Aliyerudi Vietnam 1969, au Iraq 2006, akiambiwa "labda iliungua", aulize tena. Moto ule umekuwa kisingizio cha watu wengi ambao hawakufungua kabati. Na walioungua kweli nao wana njia: ripoti za kila asubuhi za kombania zilikuwa zikitaja nani kaja, nani kajeruhiwa, nani kapelekwa hospitali. Mkongwe wa Vita vya Pili vya Dunia aliyepata CIB, au beji ya tabibu wa vitani, anastahili pia nishani ya Bronze Star kwa uamuzi wa mwaka 1947, na ilikuwa lazima aiombe mwenyewe. Wengi hawakuomba. Familia yake inaweza kuomba leo.

Kesi ambayo imenichosha kuliko zote ni ya ndugu yetu kutoka magharibi ya Kenya. Alikuwa dereva wa malori, kikosi cha akiba, Afghanistan mwaka 2011. Kikosi chake kiliambatishwa kwenye brigedi isiyo yao. Bomu la barabarani likalipata lori lake, la tatu kwenye msafara. Kwa dereva beji inayohusika si CIB, hiyo ni ya askari wa miguu na vikosi maalumu. Yake ni CAB, beji ya wengine waliokabiliana na adui, iliyoanzishwa 2005 kwa matukio ya kuanzia 18 Septemba 2001. (Ndiyo maana nilimrudisha dereva mmoja wa Vietnam aliyeiomba. Alipigwa risasi barabarani kama huyu, ila beji hairudi nyuma kiasi hicho. Sheria ndivyo ilivyo, hata mimi sioni haki yake.)

Faili la ndugu yetu halikuwa na amri yoyote ya CAB. Tulitafuta kwa jina lake, hakuna. Sasa nyinyi mnajua majina yetu yalivyo. Kwenye fomu za kuandikishwa jina la baba liliwekwa mahali pa jina la ukoo, na alipopata uraia akiwa jeshini akaliacha jina moja. Kompyuta ya jeshi ina mtu mmoja, amri za brigedi ya ugenini zina mwingine. Dawa ilikuwa rahisi kuliko nilivyofikiri: amri za beji mara nyingi hutolewa kwa kundi. Nikamwambia amtafute yeyote aliyekuwa kwenye msafara ule na mwenye CAB, amwombe nakala ya amri yake. Mwenzake alituma picha kwa simu. Mstari wa tano, jina lake la zamani limekosewa herufi mbili, lakini tarakimu nne za mwisho za namba yake ni zilezile. Tukaambatisha cheti cha uraia kinachoonyesha jina lilivyobadilika. DD 215 ikaja kwa posta, bila bodi.

Ningependa niishie hapo. Lakini alitaka na Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, na haitaki kwa ajili ya kupamba kifua. Mwenye Purple Heart huwekwa kundi la tatu kwenye foleni ya matibabu ya Idara ya Maveterani, na kwa jeraha la kuanzia 11 Septemba 2001 hulipiwa masomo kwa asilimia 100 hata kama miaka yake ya utumishi haikutosha. Ana watoto na anataka kurudi chuo.

Kupigwa na bomu hakutoshi. Lazima kuwe na jeraha, lazima adui awe ndiye chanzo, na lazima kuwe na maandishi ya matibabu. Mwaka 2011 jeshi lilifafanua kwamba mtikisiko wa ubongo unahesabika, kwa mfano mtabibu anapokuondoa kazini kwa zaidi ya saa 48. Ndugu yetu alitapika, kichwa kikauma siku nne, na tabibu wa platuni alipomuuliza akajibu kama tulivyolelewa kujibu: niko sawa. Hakutaka wenzake waendeshe zamu yake. Hakuna kilichoandikwa.

Hapo ndipo bodi inapoingia. Fomu ni DD 149, haina ada, na atakayekutoza pesa ili "akufungulie kesi" mkimbie. Sheria inasema uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, ila bodi inaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki, na husamehe mara nyingi. Wajumbe ni raia, si maafisa wa jeshi. Wanaanza kwa kudhani kwamba waliojaza rekodi walifanya sawasawa. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Kwa sheria, maombi tisa kati ya kumi yaamuliwe ndani ya miezi 10, na lolote lisipite 18. Hawapimi ushujaa wako, wanapima karatasi.

Kwa hiyo barua za mashahidi ziandikwe na walioona kwa macho. Alikuwa gari gani, umbali gani, alimwona nani akitokwa na nini. "Alikuwa askari hodari sana" haisaidii. Niliwahi kuletewa barua tatu za watu watatu zenye kosa moja la tahajia mahali pamoja, nilizirudisha zote.

Na kama hakuna aliyewahi kukupendekeza kwa nishani ya ushujaa na muda umepita, mlango mwingine ni mbunge wako wa Bunge la Marekani, chini ya kifungu cha 1130 cha sheria za jeshi la Marekani, pendekezo likiandikwa na kamanda au mtu aliyeyajua matendo yako. Ni njia ndefu, lakini ofisi za wabunge zina watu wa kazi hiyo.

Ombi la ndugu yetu lilikataliwa: hakuna ushahidi wa matibabu. Lakini kukataliwa si mwisho, kwa kuwa ukipata ushahidi mpya bodi inaweza kuliangalia tena wakati wowote. Mwezi uliopita tulimpata tabibu wa platuni. Siku hizi ni muuguzi. Analikumbuka lori, anakumbuka matapishi, na anasema usiku ule alimpeleka kwa daktari wa kambi hata yeye mwenyewe alipokataa. Jina la daktari na saa aliziandika kwenye daftari dogo la kijani, ambalo liko kwenye boksi, gereji ya mama yake, jimbo jingine. Ataenda huko sikukuu ya Novemba. Nimemwomba asipige picha ukurasa ule peke yake, apige daftari lote, kuanzia jalada.