Kisiwani Kwenye Jua na Bahari: Dhana Potofu Zinazowaponza Wasafiri

Katika visiwa vya nusutropiki, msafiri huponzwa na kile kinachomtuliza moyo: maji yaliyo shwari, wingu lililofunika jua, homa iliyoshuka. Dhana zifuatazo zinaaminiwa na watu makini kabisa, na ya kwanza ndiyo inayotutia hofu kuliko zote.

“Ogelea pale mawimbi yasipopasuka, ndipo palipo salama.”

Sivyo. Maji yanayosukumwa na mawimbi hadi ufukweni lazima yarudi baharini, nayo hupita penye kina zaidi, kwa mfano kwenye pengo kati ya mafungu ya mchanga. Kwa kuwa pana kina, mawimbi hayapasuki hapo. Uso wa maji huonekana laini na wenye rangi nzito, au hubeba povu na mchanga kwenda nje. Huo ndio mkondo unaorudi baharini. Ukiwa mkali huweza kuzidi mita 2 kwa sekunde, kasi isiyoshindika hata kwa bingwa wa kuogelea.

Wengi pia hudhani mkondo huu humvuta mtu chini. Haumzamishi, humpeleka nje. Kinachomzamisha ni uchovu wa kupambana nao akilenga ufuko moja kwa moja. Ukinaswa, lala chali, elea, rudisha pumzi. Kisha ogelea sambamba na ufuko mpaka uhisi mvuto umekuachia, ndipo urudi kwa mshazari, upande ule yanakopasuka mawimbi. Ukikosa nguvu, endelea kuelea na uinue mkono. Mkondo kwa kawaida hulegea ukishapita eneo la mawimbi. Aliye nchi kavu asijitose kumfuata mwenzake mikono mitupu. Aite mwokoaji na kurusha chochote kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa kifuniko.

Kabla ya kuingia majini, simama mahali palipoinuka uitazame bahari kwa dakika 10. Penye waokoaji, ogelea kati ya bendera zao za nyekundu na njano. Na watoto wasiondoke machoni pako: anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu kinywa chake kinatafuta hewa tu.

“Leo kuna wingu, jua halitaniunguza.”

Wingu jepesi huweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, ambayo ndiyo inayounguza ngozi. Mionzi hiyo haina joto la kuhisika, kwa hiyo upepo wa bahari ukikupoza hutajua kwamba unaungua mpaka jioni.

Losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga hiyo) huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na ya SPF 50 asilimia 98. Tofauti ni ndogo. Kosa kubwa ni kupaka kidogo. Mtu mzima anahitaji kama mililita 35 kwa mwili mzima, yaani vijiko 7 vya chai: kimoja usoni na shingoni, kimoja kila mkono, kimoja kifuani na tumboni, kimoja mgongoni, kimoja kila mguu. Rudia kila baada ya saa 2 na kila utokapo majini. Ukitumia na dawa ya kufukuza mbu, losheni hutangulia, dawa hufuata ikishakauka.

“Nalala ndani ya chandarua, mbu si tatizo.”

Chandarua ni muhimu dhidi ya mbu wa malaria. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengue, huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi. Vaa mikono mirefu na upake dawa ya kufukuza mbu yenye kemikali ya DEET ya asilimia 20 hadi 30.

“Homa imeshuka, basi nimepona.”

Kwa dengue, saa za hatari huanza pale homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7, kwani ndipo majimaji ya damu huweza kuvuja kutoka kwenye mishipa. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu, kulegea au kukosa utulivu: hizo ni dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa homa na maumivu tumia parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa saa 24 kwa mtu mzima. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe, maana huongeza hatari ya kutokwa damu.

“Ukiumwa na yavuyavu, osha kwa mkojo au maji ya bomba.”

Minyiri, yaani nyuzi ndefu za yavuyavu, inayoganda kwenye ngozi ina vifuko vingi vya sumu ambavyo bado havijapasuka. Maji yasiyo na chumvi huvipasua, kusugua pia. Mkojo hauna msaada wowote. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa minyiri kwa kibanio, kisha tumbukiza sehemu hiyo katika maji ya moto ya nyuzi 43 hadi 45 kwa dakika 20 au zaidi. Mtu ambaye hajaumwa ayapime kwanza kwa mkono wake. Siki hufaa kwa aina fulani tu, kwa hiyo waulize waokoaji wa ufuko huo. Mtu akipumua kwa shida, acha yote, tafuta gari la wagonjwa.

“Samaki akiiva vizuri hana madhara.”

Sumu ya siguatera haifi kwa moto, barafu wala chumvi, na haina harufu. Hujikusanya kwa samaki wakubwa wa miamba ya matumbawe wanaokula wenzao, kama mzia, mkunga na chewa. Kuwashwa midomo na kuhisi kitu baridi kama kinaunguza ni dalili zake.

“Nimepiga mbizi asubuhi, jioni napanda ndege.”

Nitrojeni iliyoyeyuka mwilini kwa kupumua hewa ya mtungi hutoka polepole. Shinikizo la hewa likishuka mapema, kama ndani ya ndege, nitrojeni hiyo hufanya mapovu. Baada ya mbizi moja ya kawaida subiri angalau saa 12; baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo, saa 18. Mlima mrefu wa kisiwa una athari ileile, hivyo upande kwanza, mbizi zifuate.